Koti la Zizini

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakuuliza hali. Kifua kimepona? Vumbi la hiyo barabara mnayoijenga bado mnalimeza, au wamewapa vile vitambaa vya kufunika pua walivyowaahidi? Dereva wa lori ananiambia umekonda, lakini huyo humwona kila mtu amekonda isipokuwa yeye mwenyewe, kwa hiyo sikulia sana. Sisi huku ni wazima wa mwili. Kuku wanataga, paa la jikoni halivuji tena, na goti langu linaniuma asubuhi tu. Siku zote huwa nakuandikia kwamba hofu yangu ni kwako wewe uliye mbali. Safari hii hofu iko hapa hapa nyumbani, nakula nayo meza moja.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Usiifungue kwanza. Nakujua tangu udogo wako, ulikuwa unakula kilicho kitamu mwanzo, kisha unalia sahani imebaki na nini. Nakuomba kama dada yako mkubwa, soma hii yangu mpaka mwisho ndipo ushike ile.

Barua uliyompa dereva amletee mkeo ilifika Jumamosi. Dereva alinikabidhi mimi kwa sababu mkeo alikuwa ameenda bombani. Niliifungua. Nilitaka kukuandikia kwamba gundi ya bahasha ilikuwa imeachia yenyewe, lakini nikidanganya kwenye dogo sitaweza kusema kubwa. Gundi ilikuwa nzima. Niliilainisha kwa mvuke wa birika. Nikasoma ulivyomwandikia kwamba afungashe vyake arudi kwao, na kwamba ukirudi usimkute. Mistari saba, hakuna hata salamu. Uliandika hayo kwa sababu ya barua yangu ya kwanza, ile niliyokupelekea siku ya pili baada ya Karani kuzaa. Sasa nataka nikusimulie upya, polepole, jinsi nilivyoyaona mambo siku zile kwa macho yangu haya mawili ambayo nimeyaamini maisha yangu yote.

Karani unamjua. Sisi wenyewe tulimpa jina hilo kwa sababu hatii kitu mdomoni kabla hajakikagua kwa pua, kama karani wa dirishani anavyokagua makaratasi ya watu walio kwenye foleni. Majani mapya, ndoo mpya, mgeni mpya, vyote lazima vipite kwenye pua yake. Mama yake alikufa yeye akiwa na wiki mbili, mimi ndiye niliyemlea kwa chupa mwaka ule nilioacha kazi. Unakumbuka nilivyorudi nyumbani baada ya miaka ishirini na sita ya kufua mashuka ya wodi ya wazazi: nilikuja na mafao yangu, goti bovu, dumu la ile dawa yetu ya kuua vijidudu, na koti langu la buluu la kazini ambalo sasa ni koti la zizini. Choo chetu ndicho pekee mtaa mzima kisicho na nzi, na wewe mwenyewe ulikisifia.

Mkeo naye unamjua, au unadhani unamjua. Miaka miwili tunakaa nyumba moja na bado sijui anawaza nini anapokoroga chai. Ukimwuliza kama ameshiba anasema ameshiba, ukimwuliza kama ana njaa anasema hapana. Mtu wa maneno mengi namwamini zaidi, maana mapema au baadaye atajikwaa. Majirani wanamcheka kwa sababu hubeba ndoo ya maji begani, si kichwani kama wao, na yeye huwapungia mkono akapita. Mtu anayechekwa kisha akapunga mkono, nilikuwa najiuliza, ana jambo gani moyoni? Mara nyingi nilimkuta bandani anacheka peke yake na Karani. Nikiingia, kicheko kinakwisha.

Karani alizaa Jumatatu ile asubuhi. Ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe kama kidole kimepita kwenye paji la uso. Uzao wake wa kwanza, na nilikuwa nimeungojea kama ni wangu. Nilikuandikia kwamba Karani alimkataa mwanawe, na hilo ni kweli tupu. Alimnusa shingoni, akapuliza pua kwa nguvu, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Ndama alimfuata kwa ile miguu yao isiyojua kukunjika, akatafuta kiwele, Karani akampiga teke la kifua. Akaanguka. Akainuka, akaenda tena, safari hii akasukumwa kwa kichwa mpaka chini ya hori. Nilishindwa kutazama. Mkeo aliporudi kutoka mashine ya kusaga alitua gunia la unga mlangoni, akavua viatu, akaingia moja kwa moja. Alimfunga Karani mguu wa nyuma kwa kamba, akamkamua yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, nusu yakamwagika kwa mateke, nusu akamnywesha ndama kwa chupa. Hakuniuliza lolote. Nikajiambia, mbona haulizi? Mtu asiye na hatia huuliza.

Mchana daktari wa mifugo akaja na pikipiki yake. Unamjua alivyo, mdomo wake unatangulia mfuko wa dawa, na jambo akilikuta kwako asubuhi jioni unalisikia kwa muuza mkaa. Alimpima Karani joto, akamkagua kiwele, akasema mama mzima. Kisha akapiga magoti, akaweka pua shingoni kwa ndama. Alipoinuka alitutazama sisi wawili akauliza nani amemwosha huyu ndama. Alieleza kwamba ng'ombe humtambua mtoto kwa harufu ya yale maji aliyozaliwa nayo, ndiyo maana humlamba mwili mzima, na kumlamba ndiko kunakomfundisha kumpenda. Alisema mtu aliyemwosha na kumpaka dawa amemwibia mama mtoto wake mchana kweupe, na kama huyu ni mzazi wa mara ya kwanza, kazi ni kubwa. Akauliza tena ni nani. Mkeo akasema ni yeye. Alisema alidhani usafi ni mzuri. Daktari akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akamgombeza, na kabla hajaondoka akaonya kwamba wiki mbili zikipita Karani bado anapiga, ndama hatakua vizuri kwa chupa na itabidi tufikirie mambo mengine. Jioni ile mwenye bucha, yule tunayemwita Kilo Kamili kwa sababu hajawahi kumpa mtu kilo kamili, alipita mbele ya lango letu mara mbili akichungulia.

Mimi nilikuwa nimeondoka bandani daktari alipoanza kugombeza, nikaenda jikoni. Kupitia dirishani niliwaona yeye na mkeo wakinong'ona karibu dakika kumi. Alikuwa anaonyesha kwa mikono, na mkeo anaitikia kwa kichwa. Nilipotoka na chai wakanyamaza wote wawili.

Tangu saa hiyo nilianza kumchunga. Jioni nilimkuta ameshika shuka langu jeupe, nililokuwa nimelianika mwenyewe kwenye kamba, analifua upya. Shuka safi, nililolifua kwa mikono yangu, na kazi yangu unaijua. Nilimwuliza ana shida gani na shuka langu. Akasema lilikuwa na alama kidogo ukingoni, ameiondoa tu. Nikajibu haya, nikaenda zangu, ila jambo hilo nililiweka moyoni.

Jumanne alfajiri goti liliniamsha. Nikachungulia dirishani, nikamwona nyuma ya banda amepiga magoti, anafukua. Alikuwa anafukua pale pale nilipofukia mimi siku iliyotangulia gunia lenye kondo la nyuma na majani yote yaliyolowa Karani alipokuwa anazaa. Alilivuta gunia, akalifungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alichokitoa akakifunika kwa upande wa nguo yake, akageuka akatazama dirisha langu, kisha akaingia bandani. Ungeona wewe mtu anafukua uchafu wa uzazi alfajiri huku akiangalia kama anaonekana, ungesema anapanda maua?

Asubuhi hiyo hiyo nilikaa nikakuandikia. Nilikuandikia kwamba mkeo alikiri mwenyewe mbele ya daktari kuwa ndiye aliyemharibu ndama. Nilikuandikia juu ya gunia na kunong'ona. Lile neno baya sikuliandika, ila niliandika kila kinacholizunguka nikakuachia wewe ulitaje. Dereva alikuwa anapita saa tatu, na sikumkosa.

Siku zilizofuata ushahidi uliongezeka wenyewe. Chumvi ilianza kupungua. Nilichora alama kwa msumari ndani ya kopo, na kila jioni ilikuwa imeshuka. Pumba nazo zikawa hivyo. Mkeo alikuwa anaingia bandani kabla jua halijachomoza na anatoka ana mchubuko mpya, mara paja, mara mkono. Mtu mzima akipigwa na ng'ombe mmoja kila siku na bado anarudi, kuna kitu anakitafuta huko. Mara mbili aliniomba niingie nisimame upande wa kichwa cha Karani, nimshike kwa kuwa ananijua, yeye amsogeze ndama nyuma. Nilikataa mara zote mbili. Nilisema goti. Moyoni nilisema anataka nipigwe mimi.

Jumamosi ndipo ikaja barua yako. Baada ya kuisoma niliikunja mara mbili, kama ulivyoikunja wewe, nikairudisha kwenye bahasha na bahasha nikaitia kwenye mfuko wa koti la zizini, maana ndilo nililokuwa nimevaa. Nilipanga kumpa baada ya chakula cha mchana. Mchana nikasema jioni. Jioni alikuwa amekaa kizingitini anajipaka mafuta kwenye mchubuko, nikasema kesho. Usiniulize kwa nini nilikuwa naahirisha, na mimi nilikuwa najiuliza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na mikono haikutaka kukitoa.

Jumapili asubuhi koti halikuwa kwenye msumari wake.

Nilipekua nyumba nzima. Chini ya kitanda, nyuma ya matenga, hata kwenye kiota cha kuku. Nilijua ni nani amelichukua, tuko wawili tu. Na hapo nikawaza yote uliyowahi kusikia watu wakiwaza mtu anapochukua nguo yenye jasho la mwenzake. Lakini sikuweza kumwuliza. Kuuliza habari za koti ni kuuliza habari za mfuko, na kilichokuwa mfukoni kilikuwa na jina lake juu na bahasha yake iliyofunguliwa na mimi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, tukawa tunakula tunatazamana kwa pembeni. Yeye ananimiminia chai, mimi nainusa kwanza. Naam, niliinusa, nami nimekuwa Karani.

Jumatano iliyopita, kabla ya mapambazuko, niliamua nimkamate. Nilitembea pekupeku mpaka ubavuni mwa banda, pale mbao mbili zilipoachana, nikaweka jicho. Alikuwa amevaa koti langu. Mikono imemzidi urefu, ameikunja. Amesimama kichwani kwa Karani, anamkuna chini ya sikio la kushoto, mahali ninapomkuna mimi, na anaimba kwa kuguna ule wimbo wangu usio na maneno ninaomwimbia tangu alipokuwa wa chupa. Hata pale unaposhuka vibaya aliushusha vibaya vile vile. Karani alikuwa amefumba macho, hana kamba mguuni. Na nyuma, mdogo wangu, ndama alikuwa ananyonya, mkia unazunguka, povu limejaa mdomoni.

Nikaona mkono wake unaingia mfukoni mwa koti. Ukatoka na chumvi. Akaikung'uta mgongoni kwa ndama, akamsogeza mbele taratibu, na Karani akanyoosha shingo akalamba. Akalamba tena. Kisha chumvi ilikwisha na bado alikuwa analamba, kichwani, masikioni, kwenye lile doa jeupe, na alikuwa anatoa ile sauti ya chini kabisa ambayo ng'ombe haitoi kwa mtu, huitoa kwa mwanawe tu. Wifi yangu akaanza kuvua koti polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, akalitundika ukutani, akarudi nyuma hatua tatu akiwa na nguo zake mwenyewe. Karani alimtazama, akamnusa kwa mbali, akaendelea kulamba. Wifi akajifunika mdomo kwa viganja viwili asije akapiga kelele. Nilikuwa nalia kabla sijajua nalia nini.

Alinisikia. Akafungua mlango, akachukua koti akanivika yeye mwenyewe mabegani, akaniambia niingie, ng'ombe wangu amepata mtoto. Aliniomba radhi kwa kulichukua bila ruhusa. Daktari alikuwa amemwambia siku ile ya kunong'ona kwamba mzazi wa kwanza hutulia kwa mtu anayemwamini, na Karani anamwamini mtu mmoja tu, na mtu huyo ana goti bovu. Gunia nalo ni maagizo ya daktari, ampake ndama kilichobaki cha harufu yake ya kuzaliwa. Chumvi na pumba pia. Alitazama dirisha langu alfajiri ile kwa kuogopa kwamba ameniamsha.

Nilimwuliza basi, kwa nini ulimwambia daktari ni wewe.

Hapa ndipo nilipokuwa naendea tangu salamu. Wifi yangu hakumwosha ndama. Asubuhi ile alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na unga wake ulikuwa mlangoni kama nilivyokuandikia mwenyewe hapo juu. Aliyemwosha ni mimi. Karani alizaa mikononi mwangu, na nilipomwona yule ndama amejaa ute na majani nilimbeba kwa mikono miwili mpaka uani. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na ile dawa yetu ya wodini, kifuniko kimoja, kisha kwa woga nikaongeza cha pili. Nikamfuta, nikamfunga kwa shuka langu jeupe, nikampeleka kwa mama yake akinukia kama hospitali nzima. Miaka ishirini na sita niliona watoto wakifutwa, wakifungwa kwenye mashuka niliyoyafua mimi, wakipelekwa kwa mama zao wasafi, na mama wakitabasamu. Mimi sikuwahi kupelekewa wa kwangu, unajua. Nilitaka siku moja niwe yule anayempeleka mtoto. Karani akampuliza, akampiga teke, na mimi nikafungua shuka haraka, nikalisuuza, nikalianika, nikafukia gunia, nikanyamaza. Daktari alipouliza ni nani, nilimtazama wifi yangu. Kumtazama tu, mdogo wangu, na daktari akafuata macho yangu.

Alinijibu kwamba alijua tangu alipoingia bandani, kwa harufu, na akalijua kabisa alipoliona shuka. Alifikiri kwamba daktari atakuwa ameshafika kwa muuza mkaa kabla ya jua kuzama, na watu watamcheka mfuaji wa hospitali aliyemwosha ndama kwa dawa, mtu wanayemheshimu, anayewasaidia hata kuosha maiti zao. Yeye wanamcheka tayari kwa ajili ya ndoo, alisema, kicheko kimoja zaidi hakina uzito. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alikoweka ufunguo. Na nikuambie ubaya wangu wote: tangu daktari aondoke siku ile, nilimwogopa. Nilijua anajua. Niliona kila jema lake kama riba anayoniwekea ili siku moja anidai, na nikakimbilia kukuandikia kabla yeye hajakuandikia. Kila kitu katika barua yangu ya kwanza kilikuwa kweli, hata kukiri kwake. Niliupanga tu ukweli huo mpaka ukawa uongo.

Tulibaki bandani mpaka jua likatoka. Sikumtajia barua yako. Nilitia mkono mfukoni kwa siri, nikaigusa bahasha, nikashusha pumzi kwamba ipo. Kisha tukiwa tunafunga mlango akasema, bila kunitazama, kwamba ataondoka ndama atakapoweza kumfuata mama yake mwenyewe mpaka langoni, hapendi kuacha kazi katikati. Nilimwuliza anaondoka kwenda wapi. Akasema kwao.

Nilikwenda chumbani nikaitoa barua. Nilikuwa nimeikunja mara mbili. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na ndani ya mikunjo kulikuwa na chembe za chumvi. Alivaa lile koti Jumapili. Kwa hiyo siku zote hizo nne, alipokuwa anapigwa mateke, anaimba wimbo wangu, ananimiminia chai ninayoinusa, alikuwa ameshasoma kwamba humtaki, na alijua ni nani aliyekufanya usimtake. Sasa unaweza kuifungua ile karatasi. Chumvi sikuikung'uta, nimeiacha uione. Ni barua yako mwenyewe, nakurudishia, na nakuomba usimwandikie nyingine. Mdomo utakaomwomba radhi uwe na miguu chini yake. Wangu umeshamwomba, akasema yamekwisha, lakini begi lake bado liko nyuma ya mlango, nimelinyanyua, ni zito.

Sijaacha tabia yangu, usidhani. Leo asubuhi ameniletea chai na nimemkodolea macho. Ila safari hii nilikuwa natafuta usoni mwake kama amebadili nia, na sijaona.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, na mpishi wenu mwambie apunguze mafuta kwenye chakula chako kwa ajili ya kifua. Dereva anapita kesho saa tatu, na anarudi huku Jumanne, ana nafasi moja mbele, nimeshamwambia asimpe mtu. Karani anakusalimu. Juzi ndama alimfuata mpaka kwenye hori, jana mpaka kwenye kamba ya nguo, na jana jioni zilibaki hatua kama kumi kufika langoni. Tangu asubuhi nimewafungia bandani wote wawili na kusema mvua inakuja. Wingu hakuna. Wifi yangu ametazama juu, amenitazama mimi, ameenda kuwakatia majani. Siwezi kumfungia ng'ombe milele, mdogo wangu. Njoo.

Ni mimi dada yako,
mfuaji wa mashuka.